Rekodi za Mwili Unaojifunza

Bingwa wa kuanguka duniani ni mtoto wa mwaka mmoja. Mwaka 2012 mtafiti Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walitoa hesabu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 walioachwa wacheze wapendavyo: kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa, na ndani ya saa hiyohiyo akaanguka mara 17. Ukimtazama mtoto aliyetoka juzi kusimama dede, utaona hafanyi zoezi la kwenda na kurudi kwenye mstari. Anaelekea mlangoni, anabadili nia katikati, anakanyaga mkeka, anatoka kwenye sakafu ya saruji na kuingia mchangani, ananyanyuka tena akiwa ameshika mwiko. Hakuna hatua mbili zinazofanana. Watafiti hao walijiuliza pia kwa nini mtoto aliyekwisha kuwa fundi wa kutambaa aache ufundi huo na kuanza kujikongoja. Jibu lao linanifurahisha: anayetembea hufika mbali zaidi na upesi zaidi, na ukipima maanguko yake kwa umbali aliokwenda, hamzidi anayetambaa. Hana anachopoteza.

Rekodi ya kuendelea kuboreka kwa muda mrefu iko kiwandani. Mwaka 1959 Mwingereza E. R. F. W. Crossman alichapisha vipimo vya wafanyakazi waliotengeneza sigara nene za majani ya tumbaku kwa mashine ya kuendeshwa kwa mikono. Alilinganisha wageni wa kazi na wakongwe, na miongoni mwa wakongwe walikuwemo waliokwisha kutengeneza sigara zaidi ya milioni 10. Kasi yao iliendelea kupanda kwa miaka miwili hivi, kidogo kidogo, kisha ikasimama. Ilisimama kwa sababu mashine yenyewe haikuweza kwenda mbio zaidi.

Hapa watu hupenda kutaja zile saa 10,000 zinazosemekana kumfanya mtu bingwa. Namba hiyo ilitoka kwenye utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa Berlin, na ilikuwa wastani wa mazoezi ya kundi lililo bora hadi kufikia umri wa miaka 20. Wapo waliokuwa chini yake. Inaumiza kuona kijana akihesabu saa kama anayelipa deni, ilhali swali kubwa ni anafanya nini ndani ya saa hizo.

Aliyelijibu swali hilo vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mrusi Nikolai Bernstein. Katika miaka ya 1920 alifanya kazi katika Taasisi Kuu ya Kazi mjini Moscow, ambako serikali mpya ilitaka kujua namna bora ya kumfundisha kazi mfanyakazi wa kiwanda. Bernstein alichukua mafundi waliokata chuma kwa nyundo na tindo, akawafunga taa ndogo begani, kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mkono na kwenye nyundo, kisha akawapiga picha mfululizo ili taa zichore njia ya kila pigo. Ungetarajia kwamba fundi aliyepiga nyundo kwa miaka mingi angekuwa na mkono unaopita njia ileile kila mara. Haikuwa hivyo. Kichwa cha nyundo kilitua palepale, lakini bega, kiwiko na kifundo vilibadilika pigo hata pigo. Bega likizidi kidogo, kiwiko kilipunguza. Kiwiko kikichelewa, kifundo kilifidia. Fundi hakuwa na pigo moja alilolihifadhi. Alikuwa na uwezo wa kulitatua tatizo lilelile upya kila mara, na Bernstein akasema mazoezi ya kweli ni kurudia kutatua, si kurudia jibu. Nadhani hakuna rekodi katika makala haya ambayo haielezwi na taa zile ndogo.

Na kujifunza huko hakuhitaji hata kumbukumbu ya kwamba umejifunza. Rekodi hii ni ya Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, Molaison alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimpasua ubongo ili kumtibu kifafa kikali, akaondoa sehemu za ndani za pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kushika jambo jipya. Ukitoka chumbani na kurudi, alikusalimu kama mgeni. Mwaka 1955 mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyetoka Montreal, alimpa kazi ya kufuatisha kwa kalamu umbo la nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu, utaona jinsi kalamu inavyokimbilia upande usioutaka. Molaison alirudia kwa siku tatu. Kila siku alikuja akiwa hakumbuki kabisa kuwahi kuiona kazi hiyo, na kila siku makosa yalipungua, hadi mwisho akachora kwa utulivu wa mzoefu. Mkono ulikuwa na historia ambayo mwenyewe hakuwa nayo. Jina lake lilifichwa hadi alipofariki mwaka 2008; vitabuni aliitwa H.M. tu.

Kinyume chake ni Ian Waterman wa Uingereza, ambaye kila msogeo anaufikiri. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19 na akifanya kazi buchani, aliugua homa, na neva zinazouarifu ubongo mahali viungo vilipo zikaharibika kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli ilikuwa mizima. Lakini akifumba macho hakujua mkono wake uko wapi, na akiwa kitandani alijiona kama anaelea. Alijifunza kukaa, kusimama na hatimaye kutembea kwa kutazama kila kiungo na kukiamuru, kazi iliyomchukua zaidi ya mwaka mzima. Taa zikizimwa ghafla, anaanguka. Daktari Jonathan Cole aliandika maisha yake katika kitabu cha mwaka 1991. Kati ya wote niliowataja, huyu ndiye ninayemvulia kofia.

Kwa Afrika Mashariki, rekodi mbili. Ya kwanza inajulikana: Julius Yego, kijana wa Nandi, alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube, kwa kuwa Kenya haikuwa na walimu wa kutosha wa mchezo huo. Baadaye alipata mafunzo Finland. Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya mashindano ya dunia nje ya mbio. Video ilimwonyesha umbo la mrusho wa watu warefu kuliko yeye. Namna ya kuuzalisha kwa mwili wake aliitafuta mwenyewe uwanjani.

Ya pili haina medali. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake kuhusu akina mama wa Kiluo wanaojitwika kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini. Mzigo ukiwa hadi sehemu ya tano ya uzito wao, walitumia oksijeni ileile kama wasiobeba kitu. Mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 bure. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu: katika kila hatua mwili hupanda na kushuka, na nguvu ya kushuka hutumika kusukuma mbele, wengi wetu tunapoteza sehemu yake njiani, ila akina mama hawa, wakiwa na mzigo, hupoteza kiasi kidogo kuliko sisi. Walikuwa wamebeba tangu utotoni.

Kasi nayo ina mabingwa wake. Jicho linaporuka mbali kutoka kitu kimoja hadi kingine linaweza kuzidi nyuzi 500 kwa sekunde. Na mwaka 2022, katika mashindano ya dunia mjini Eugene, mwanariadha Devon Allen aliondolewa kwenye fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa kuondoka sekunde 0.099 baada ya mlio wa kuanza, ilhali kanuni inadai angalau 0.100. Sioni haki ya kumhukumu mtu kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kana kwamba neva za watu wote ziko sawa.

Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Upinde anaushika kwa mguu, uzi anauvuta kwa kifaa kilichofungwa begani, na mshale anauachia kwa taya. Alipata fedha ya Paralimpiki London 2012 na dhahabu Paris 2024. Desemba 2015, huko Texas, alilenga shabaha iliyokuwa mita 283.47 mbele yake na kuipata. Rekodi hiyo ya shabaha ya mbali zaidi ilikuwa ya wapiga mishale wote, wenye mikono na wasio nayo.