Plagi ya 13, Waya wa 6

Soketi za nyumba za Buhembe, kama za Tanzania nzima, hutoa umeme wa volti 230. Plagi yake ni ya pini tatu bapa, iliyotokana na kiwango cha Uingereza cha BS 1363 cha mwaka 1947, nayo huandikwa 13A. Wengi wakiiona namba hiyo hudhani hata waya uliofungwa kwenye plagi unabeba ampea 13.

Uwezo wa waya husomwa kwenye waya wenyewe. Ukiugeuza penye mwanga utaona maandishi kama H05VV-F 3G0.75. Maana yake ndani kuna nyaya tatu, mmoja wa ethi, na kila mmoja una milimita za mraba 0.75 za shaba. Waya huo hubebeshwa ampea 6. Wa 1.0 hubeba 10, na wa 1.25 hubeba 13.

Gawanya wati kwa volti upate ampea. Birika la umeme la wati 2,200 huvuta 9.6, na pasi ya wati 1,200 huvuta 5.2. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni ya 0.75 zinapita ampea 14.8, karibu mara mbili na nusu ya uwezo wake. Joto huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo waya hupata joto la takribani mara sita. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi nayo haikatiki papo hapo mkondo ukizidi kidogo tu.

Fyuzi imewekwa kulinda waya. Televisheni ya wati 100 haifikishi hata nusu ampea, hivyo fyuzi ya 3A inaitosha. Ikikatika, wapo wanaoifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hapo ulinzi umeondoka.

Kuna pia vifaa vya pini mbili za duara. Mtu husukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili vilango vya chini vifunguke, kisha huchomeka. Hapo hakuna fyuzi tena. Inabaki breka ya ampea 20 au 32, iliyopimwa kwa nyaya za ukutani, si kwa waya mwembamba wa redio. Dawa ni adapta yenye fyuzi yake.

Kwa birika au pasi, ekstensheni ya kuulizia dukani ni ya 3G1.25 au 3G1.5. Ikunjuliwe yote isibaki imeviringwa, na hivyo viwili vichomekwe kwa zamu.