Binti Anapotakiwa na Timu Nyingine

Mama mmoja hapa Vugiri aliniuliza: "Nesi, shule nyingine inamtaka binti yangu kwa ajili ya mpira. Nimruhusu?"

Nilimsimulia habari za Madina Okot wa Mumias, Kenya. Alicheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State, Marekani, mwaka 2024. Mwaka 2025 akahamia South Carolina.

Uwanjani huingia watano tu. Mbona timu husajili wengi? Kwa sababu mwili huumia. Mwaka huohuo wa 2025, Chloe Kitts wa South Carolina alikatika kano ya goti kabla ya msimu kuanza, akaukosa wote. Hapo ndipo walioko benchi huitwa.

Basi mama mpendwa, usiulize tu kama binti atacheza. Uliza: Masomo yake je? Atalala wapi, chini ya uangalizi wa nani? Akiumia, nani atamtibu, na nafasi yake darasani itabaki? Mkiridhika, mshauriane na baba yake, mwombe, ndipo mtoe ruhusa.

Na akiwekwa benchi, asione aibu. Akiba haiozi.