Kitanda kikiimba, jirani huongeza redio: Jinsi ya kuchagua godoro lisilowatia aibu

Wanafunzi wapya wanaporipoti shule za bweni, barabara za Kimilili hujaa magodoro. Utaona bodaboda inayoelekea Kamusinga imebeba mzazi, mwanafunzi, sanduku la bati na godoro la futi mbili na nusu lililokunjwa na kufungwa kwa mpira. Kwa wengi wetu, hilo ndilo godoro la kwanza tulilowahi kuliita letu. Lilikuwa jembamba, la mtu mmoja, na hakuna aliyetuuliza tunapenda lipi.

Kisha mtu anakua, anapata kazi, anapata mpenzi, wanaoana. Wanaingia dukani kununua godoro la watu wawili wakiwa na ujuzi ule ule wa siku ya kuripoti shule. Wanaangalia rangi ya kitambaa, wanauliza bei, wanalipa, wanaita bodaboda. Mimi na mke wangu tulifanya hivyo hivyo, na nusura itugharimu zaidi ya pesa.

Tulipooana tulipanga chumba kimoja katika ploti, karibu na mjini. Kama unazijua ploti za huku kwetu, unajua ukuta wa katikati hauishii kwenye mabati. Unakoma pale juu, halafu kuna uwazi, halafu jirani. Akikohoa, unamwambia pole ukiwa kitandani mwako. Sasa hebu fikiria maharusi wa mwezi mmoja, damu ingali inachemka, juu ya kitanda kinacholia kama lango la boma lisilopakwa grisi.

Jirani yetu alikuwa mzee mpole. Hakuwahi kugonga ukuta wala kulalamika kwa landilodi. Alichofanya ni kuongeza sauti ya redio kila kitanda chetu kilipoanza kuimba. Usiku mmoja redio ile ilikuwa kwenye matangazo ya vifo. Tukalala kimya tukisikiliza majina ya marehemu na siku za mazishi. Mechi ikaahirishwa, na haikupangiwa tarehe nyingine.

Wiki zikapita. Mke wangu akawa analala ameelekea ukutani. Mimi nikaanza kukaa stejini na vijana hadi saa nne usiku ili nikirudi nimkute amelala. Nilidhani amenichoka. Naye, kumbe, alidhani nimepata mwingine. Siku tuliyogombana ndiyo siku ukweli ulipotoka. "Mimi sina shida na wewe," akaniambia, "nina shida na hiki kitanda. Nitamsalimia vipi yule mzee asubuhi?"

Swali lake halikuwa la mzaha. Katika jamii za Waluhya, kijana akibalehe hujengewa au hujijengea simba, kibanda chake mwenyewe uani, asilale tena chini ya paa moja na wazazi. Wazee walijua kwamba mambo ya chumbani yanahitaji umbali, na umbali huo ni heshima kwa pande zote mbili. Sisi wa kizazi cha ploti tumenyimwa umbali. Kilichobaki ni kutafuta ukimya.

Kosa la kwanza: kulaumu godoro

Tulichanga akiba yetu tukanunua godoro la springi, nene, limepambwa kwa maua. Usiku wa kwanza kitanda kikaimba kama kawaida. Wee! Niliona machozi yakimlengalenga mke wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu.

Fundi seremala mmoja ndiye aliyetufungua macho. Aliondoa godoro, akalisimamisha ukutani, kisha akakishika kitanda kitupu akakitikisa. Kikalia. "Kijana," akasema, "umebadilisha abiria, gari ni lile lile."

Kitanda chetu kilitengenezwa kwa mbao mbichi. Mbao zikikauka husinyaa, viungo hulegea, na mbao mbili zilizolegea zikisuguana hutoa ule mlio. Chaga, yaani zile mbao za kulalia godoro, zilikuwa chache, na zimewekwa juu juu bila kupigiliwa. Hakukuwa na mguu wa katikati. Na kichwa cha kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa yule mzee.

Tiba yake haikufika nusu ya bei ya godoro lile. Fundi alikaza bolti zote, akaongeza chaga hadi nafasi kati ya mbao na mbao ikawa kama inchi 3 hivi, na akaweka mguu wa kushikilia katikati. Alikata ndara kuukuu vipande vipande akavibandika mahali mbao zinapogusana. Viungo alivisugua kwa mshumaa. Mwishowe tukakivuta kitanda upana wa kiganja kutoka ukutani.

Kwa hivyo kabla ya kutoa shilingi moja dukani, toa godoro lako leo, ukitikise kitanda. Kikilia kikiwa kitupu, mwite fundi kwanza. Kikinyamaza, basi mshukiwa ni godoro.

Godoro gani hunyamaza?

Kitanda kilipotulia, tuligundua kuwa godoro letu jipya nalo lilikuwa na sauti yake, ndogo lakini ipo. Magodoro ya springi si sawa yote. Yale ya bei nafuu huwa na springi zilizounganishwa kwa waya. Mmoja akigeuka, mwenzake anarushwa, na springi zikizeeka huanza kulia. Yapo mengine ambayo kila springi imeshonewa mfuko wake wa kitambaa. Hayo hutulia zaidi, ingawa bei yake hupanda.

Sponji haina chuma ndani, kwa hivyo yenyewe hailii. Ndiyo maana kwa wapenzi wengi wenye kipato cha kawaida, godoro zuri la sponji ndilo chaguo la kwanza. Kuna pia ile sponji inayokumbuka umbo la mwili, iliyotokana na utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, miaka ya 1960. Hiyo humeza mtikisiko kabisa. Mmoja akiamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya Kitale, mwenzake hajui. Lakini ina mambo mawili. Kwanza, huwameza na nyinyi pia, na kugeuka juu yake ni kazi, sembuse yale mengine. Pili, huwa ngumu kukiwa na baridi, na usiku wa Kimilili, upepo ukishuka kutoka Mlima Elgon, si mchezo.

Kwa watu wasiotulia kitandani, godoro linalofaa ni lile linalokusukuma kidogo unapolikandamiza, lisiwe la kukumeza. Weka mkono, bonyeza hadi ndani, kisha achilia. Likirudi mara moja, hilo lina nguvu. Likibaki na alama ya kiganja chako, na si ile sponji ya kukumbuka, ondoka.

Usinunue unene, nunua uzito

Hapa ndipo wengi huliwa. Mteja anaona inchi 10 anadhani amepata mali. Unene ni hewa tu kama sponji ni nyepesi. Kinachoamua godoro litadumu au litakuwa na shimo katikati baada ya miezi kadhaa ni densiti, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo.

Huhitaji maabara. Chukua godoro la futi 5 kwa 6, unene wa inchi 8. Ujazo wake ni futi 20 za ujazo, ambazo ni takriban mita 0.57 za ujazo. Kama densiti ni 20, sponji yenyewe itakuwa na kilo 11 hivi. Kama ni 30, itakaribia kilo 17. Kitambaa kinaongeza kidogo. Sasa omba mizani. Duka lisilo na mizani, nenda nayo kwa jirani anayeuza mahindi. Wakikuangalia vibaya, wacha wakuangalie, chapaa ni zako.

Lakini usiamini mizani peke yake. Kuna sponji huongezewa unga wa chokaa iwe nzito, na hiyo huchoka upesi. Ndiyo maana unapima uzito, kisha unabonyeza uone inavyorudi. Kama kitambaa kina zipu, ifungue uangalie ndani. Ukikuta vipande vya rangi mbalimbali vimegundishwa pamoja na umeuziwa kama sponji nzima, umedanganywa. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS. Huwa na nambari ya kibali. Andika SM# kisha nambari hiyo, utume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, na utaletewa jina la kampuni na bidhaa. Lisipolingana na lililo kwenye godoro, rudisha pesa mfukoni.

Kuhusu ugumu, kuna imani kwamba godoro likiwa kama sakafu ndilo dawa ya mgongo. Utafiti uliofanywa Uhispania na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2003 ulifuatilia watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi kuliko waliolalia magumu. Kwa hivyo kama unaendesha bodaboda kutwa na mgongo unakulilia, usikimbilie neno "othopediki" lililoandikwa kwenye kitambaa. Lilalie kwanza.

Kila mtu apate futi ngapi?

Hesabu hii ilinichekesha. Godoro la futi 4 kwa 6 likigawanywa kwa wawili, kila mmoja anapata futi 2. Hiyo ni chini ya godoro la mwanafunzi kwenye ile bodaboda! La 5 kwa 6 linampa kila mmoja futi mbili na nusu, sawa kabisa na bwenini. La 6 kwa 6 ni futi 3 kwa kila mtu, lakini kwa chumba cha futi 10 kwa 10 litakula zaidi ya thuluthi moja ya sakafu, na jiko la gesi litakosa pa kukaa. Kwa keja ya chumba kimoja, 5 kwa 6 ndilo la wastani. La 4 kwa 6 liwe la kuanzia maisha tu.

Kama bado hamna kitanda na mnalaza godoro chini, hongera kwa ukimya. Lakini simiti huvuta unyevu, na chini ya godoro kutaota ukungu. Tandika mkeka au mbao, na mlisimamishe godoro mchana lipate hewa.

Jingine dogo lenye kelele kubwa ni ile nailoni ya dukani. Kuna watu hukaa nayo mwaka mzima ati godoro lisichafuke. Nailoni hulia kila mkigeuka, na huwachemsha kwa jasho. Itoe siku ya kwanza, uache godoro lipigwe na upepo siku moja au mbili harufu iishe, kisha nunua kitambaa cha kufunikia kinachofulika. Na ukishawishiwa godoro lililotumika, kagua mishono yote. Kunguni hawalipi kodi, lakini hawahami.

Nendeni wawili

Mara ya pili tulipokwenda dukani tulikwenda pamoja. Mara ya kwanza nilikuwa nimekwenda peke yangu, nikanunua kwa mgongo wangu na macho yangu. Mke wangu ni mwepesi kuliko mimi. Godoro ambalo kwangu ni laini, kwake ni ubao.

Tulimwomba mama mwenye duka ruhusa ya kulala juu yake. Alicheka, akatuambia tuvue viatu. Tulilala chali, tukalala ubavu, nikageuka yeye akiwa ametulia, naye akageuka. Tulikaa kama dakika 10. Wateja walipita wakitabasamu. Aibu ya dakika 10 mbele ya watu usiowajua ni nafuu kuliko aibu ya kila usiku mbele ya jirani unayemjua. Tulichukua la sponji nzito, inchi 8, ugumu wa wastani, tukalipa nusu na kumalizia mwisho wa mwezi. Lile la springi tuliliuza kwa hasara.

Godoro haliponyi ndoa. Kama kuna uongo au kiburi kati yenu, hata mlale juu ya mawingu mtagombana tu. Lakini sisi tulikaribia kuachana kwa jambo ambalo bolti na kipande cha ndara vingelimaliza, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulitaja. Semezaneni. Mwenzako akielekea ukutani, muulize kama ni wewe au ni kitanda.

Yule mzee bado ni jirani yetu. Redio yake bado ipo, siku hizi inasema kwa sauti ya chini. Asubuhi mke wangu humpigia shikamoo bila kuinamisha uso, naye huitikia marahaba, kisha huuliza kama tumelala vizuri.