Ugonjwa wa Vikope

Ugonjwa wa vikope, ambao madaktari huuita trakoma, ni mmojawapo wa maradhi ya kale kabisa ya macho. Wamisri wa zamani waliandika dawa zake katika mafunjo yao miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Jeshi la Napoleon lilipoingia Misri mwaka 1798, askari wengi waliugua macho, na waliporudi makwao maradhi hayo yakaenea Ulaya. Hospitali ya macho ya Moorfields, mjini London, ilifunguliwa mwaka 1805 wakati wa taabu hiyo. Basi mtu akisema kwamba vikope ni ugonjwa wa Afrika tu, hajui habari zake. Ulaya ulitoweka watu walipopata maji, vyoo na nyumba zisizo na msongamano, na hayo yalitokea kabla ya dawa za leo kupatikana.

Hapa kwetu Tanzania ugonjwa huu hujulikana zaidi katika nchi kavu za katikati. Kongwa, mkoani Dodoma, ni maarufu katika vitabu vya historia kwa sababu ya shamba la karanga la Waingereza lililoshindwa baada ya mwaka 1947. Lakini madaktari wa macho wa dunia nzima hulijua jina la Kongwa kwa sababu ya vikope, maana utafiti mwingi umefanywa huko.

Kidudu kinacholeta ugonjwa huitwa klamidia. Mwaka 1907, katika kisiwa cha Java, Halberstaedter na von Prowazek walichukua uchafu wa macho ya wagonjwa wakautia katika macho ya nyani wakubwa waitwao orangutani, kisha wakaona alama za kidudu hicho kwa darubini. Hata hivyo ilipita miaka hamsini kabla ya Tang Feifan wa China na wenzake kutangaza, mwaka 1957, kwamba wameweza kukikuza ndani ya mayai ya kuku. Baadaye Tang alijitia kidudu hicho katika jicho lake mwenyewe ili apate hakika. Mimi nisingethubutu.

Sasa tutazame jinsi ugonjwa unavyokwenda, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Huanza kwa watoto wadogo. Macho huwa mekundu, hutoa matongotongo, na ukiligeuza kope la juu utaona ndani yake vivimbe vidogo vyeupe. Mtoto huendelea kucheza kama kawaida. Baada ya muda hupona, kisha huambukizwa tena na ndugu zake, na tena, na tena. Kila mara kovu dogo hubaki ndani ya kope. Miaka ishirini au arobaini hupita. Makovu hukaza kama ngozi iliyoanikwa juani, na ukingo wa kope huvutwa kuelekea ndani, hata nywele za kope zikaanza kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Sehemu ya mbele ya jicho, ambayo ni angavu kama kioo, hupata vidonda na kugeuka nyeupe. Ikifika hapo, mwanga uliopotea ni vigumu sana kurudi.

Kwa hiyo anayepofuka ni bibi, lakini ugonjwa aliupata akiwa na umri wa wajukuu zake. Tena nasema bibi kwa makusudi. Wanawake hupofushwa na vikope hadi mara nne kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wabebao watoto, wawapangusao nyuso kwa pindo la khanga, na kulala nao.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na koleo ndogo ya chuma aliyoifunga katika pindo la khanga yake. Kila siku chache alituita sisi wajukuu tumng'olee kope zilizokuwa zikimchoma. Zilipoota tena zilikuwa fupi na ngumu, zikamchoma zaidi. Yeye aliamini kuwa huo ni uzee. Waganga wa macho walipofika zahanati ya kijijini alikataa kwenda, maana mtama ulikuwa umeiva na ndege ni wengi. Mwaka uliofuata alikubali. Walimchoma sindano ya ganzi, wakapasua kope na kuligeuza nje kidogo, wakalishona, naye akarudi nyumbani siku ile ile. Jicho la kulia linaona hadi leo. La kushoto lilikuwa limekwisha kuchelewa.

Dawa ya kuua kidudu ipo, nayo ni azithromaisini, inayomezwa mara moja kwa mwaka. Watu wengine hushangaa kuona wagawaji wakiwapima kwa fimbo yenye alama badala ya mizani, lakini kiasi cha dawa hukadiriwa kwa urefu wa mtu. Watoto wachanga chini ya miezi sita hupewa mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka machoni. Hupewa kijiji kizima, hata asiyeumwa, kwani kumtibu mtoto mmoja na kuwaacha ndugu zake sita ni kazi bure.

Dawa peke yake haitoshi, kwa sababu nzi wangali wapo. Yuko nzi mmoja apendaye sana macho, na huyu hutaga mayai yake katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya choo cha shimo hazai. Basi choo, hata kikiwa cha miti na udongo, humnyima mahali pa kuzalia. Tena nzi hufuata uso wenye matongotongo; uso safi haumvuti sana. Utafiti wa Kongwa uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba, pamoja na dawa, watoto waliokuwa na nyuso safi kila mara walipungukiwa na vikope vikali.

Wazee hujibu kwamba maji yako mbali, na ni kweli. Lakini kuosha uso si kuoga. Kibuyu chirizi kilichotundikwa mtini hutoa maji kidogo kidogo, na kikombe kimoja huosha watoto kadhaa.

Oman ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeushinda ugonjwa huu usiwe tena tatizo la umma, Ghana ikafuata mwaka 2018, na jirani zetu Malawi mwaka 2022. Kwetu umepungua sana katika wilaya nyingi, ila baadhi ya sehemu za wafugaji bado unasumbua.

Wenzangu mtakaokwenda likizo vijijini, mzee anayehitaji upasuaji hutambulika hivi: hufumba macho juani, hutokwa machozi bila kulia, hujifuta mara kwa mara, na mara nyingi ana koleo karibu naye. Apelekwe zahanati aulizie siku ya waganga wa macho. Kope likipasuliwa mapema, jicho hupona likiwa bado linaona.