Risasi isiyo na risasi

Kwa Kiswahili, kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki na ile metali nzito ya kijivu iliyomo ndani ya betri ya gari vinaitwa jina moja: risasi. Kwenye petroli tulishazoea kusikia "isiyo na risasi" na hakuna anayeshangaa. Lakini je, risasi ya bunduki isiyo na risasi? Ipo, na nilianza kuifikiria vizuri baada ya kuulizwa swali Lupiro.

Nilikuwa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya Mahenge. Mzee mmoja mwenye shamba la mpunga, aliposikia kwamba nasomea metali, akaniambia: "Mjukuu wangu, nasikia kuna risasi ikigonga chuma inageuka unga. Kweli hiyo, au ni mambo ya Kinjeketile?" Watu wakacheka. Utani huo una uzito wake upande ule, maana ukiifuata barabara hiyohiyo hadi mwisho wa mlima utafika Mahenge, ambako mwishoni mwa Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani wakiamini risasi zitageuka maji. Walikutana na bunduki za rashasha.

Nikamjibu kwamba hii ya unga ni kweli, na haina dawa yoyote ndani yake. Ni ufundi wa tofali tu.

Chukua unga wa shaba, mara nyingi umechanganywa na bati. Usindilie kwenye kalibu kwa mashine yenye nguvu, kisha upashe moto bila kuuacha uyeyuke. Chembe zinashikana pale zinapogusana, kama udongo unavyoshikana kwenye tanuri la matofali. Sasa fikiria tabia ya tofali. Ukilijenga ukutani linabeba nyumba nzima. Ukilidondosha sakafuni linapasuka. Kichwa cha risasi ya aina hii kiko hivyohivyo: kikisukumwa na gesi kutoka nyuma kinavumilia, kikigonga bamba la chuma kinasambaratika. Ndiyo maana hutumika zaidi kwenye viwanja vya mazoezi, ili vipande visirudi kumpiga mpigaji na hewa isijae vumbi la risasi (ile metali).

Hapo kijana wa bodaboda akadakia: "Basi si unabadilisha kichwa tu, unaweka hicho cha unga?"

Hapana. Na hapa naomba tukae kidogo, maana hili ndilo linaloweza kumkata mtu vidole.

Risasi kamili ina ganda, kiwashio kwenye kitako chake, baruti ndani na kichwa mbele. Marekani na Afrika Kusini wapo wawindaji na walenga shabaha wanaojaza maganda wenyewe nyumbani, kwa mizani na vipimo. Kwetu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Lakini hata sheria ingeruhusu, fizikia ina masharti yake.

Gramu 10 za risasi (metali) zinachukua nafasi ya sentimita za ujazo 0.88 hivi. Gramu 10 za shaba ngumu zinachukua 1.12, na unga uliosindiliwa, wenye vitundu ndani, zaidi ya hapo. Kwa kuwa mtutu ni uleule, unene wa kichwa haubadiliki. Kinachobaki ni urefu. Na kwa kuwa risasi nzima lazima iingie kwenye chemba, urefu wa ziada unazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti.

Utasema, milimita chache zina shida gani? Shida ni kwamba baruti ya kisasa isiyotoa moshi, iliyotokana na kazi ya Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, huungua haraka zaidi presha inapopanda. Nafasi ikipungua, presha inapanda. Presha ikipanda, moto unaongeza kasi. Kasi inaongeza presha tena. Bunduki nyingi za kuwindia tayari zinafanya kazi karibu na mara 4,000 ya presha ya hewa tunayovuta. Tairi la lori halifiki hata mara 10. Ukizidisha kipimo hapo, kinachopasuka kiko sentimita chache kutoka kwenye uso wako.

"Basi naweka baruti kidogo sana, kwa usalama." Hiyo nayo ni hatari! Kichwa kinaweza kukwama katikati ya mtutu, na ukipiga ya pili bila kujua, mtutu unapasuka. Wanaofanya kazi hii kwa usalama hufuata jedwali la mtengenezaji la kichwa kilekile, siyo cha uzito unaofanana. Huanza na kipimo cha chini kilichoandikwa na kupanda polepole. Tena ganda halibanwi kwa nguvu kwenye shingo: tofali likibanwa sehemu moja linapata ufa, na kichwa chenye ufa kinaweza kuvunjika kabla hakijatoka mtutuni.

Kuhusu gobore sitasema mengi. Bomba la magobore mengi halikutengenezwa kwa presha ya baruti ya kisasa. Anayefungua risasi za kiwandani na kumimina baruti yake humo anatengeneza bomu, na amelishika mwenyewe.

Sasa kwa nini mtu wa Kilombero ajali kuhusu metali ya risasi? Kwa sababu ya nyama. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, na bonde hili, makazi makubwa ya sheshe na eneo la Ramsar tangu 2002, halijawahi kukosa wawindaji. Kichwa laini cha risasi kikiingia kwenye mnyama kwa kasi kubwa kinamwaga vipande. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2009 uliwapiga eksirei paa 30 waliouawa kwa bunduki za kisasa na kutolewa matumbo: wastani ulikuwa vipande 136 kwa kila mnyama, vingi vidogo mno kuviona wala kuvihisi mdomoni. (Gololi ya gobore, kwa kuwa ni ya polepole, kwa kawaida huacha vichache.) Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo.

Je, risasi ya unga ndiyo dawa? Kwa mnyama mkubwa, hapana. Ikisambaratika mapema inaacha jeraha la juujuu, na kiboko aliyejeruhiwa anageuka tatizo la kijiji kizima. Wawindaji waliohama, kwa mfano California ambako risasi ya metali hiyo ilipigwa marufuku kwenye uwindaji kuanzia Julai 2019, wengi hutumia kichwa cha shaba nzima. Hicho hupanuka kama ua bila kumwaga vipande vingi. Nacho ni kirefu, kwa hiyo hesabu ya nafasi ndani ya ganda ni ileile.

Mzee akauliza: "Na nyama tuliyokwisha nunua?" Nikamwambia aulize buchani ilipigwa wapi, akate mbali na tundu, maana vipande husafiri sentimita 15 na zaidi, asinunue ya kusaga, na watoto na wajawazito wapewe nyama nyingine. Kuchemsha hakusaidii, na siki au ndimu kwenye sufuria huyeyusha risasi zaidi. Hilo la ndimu lilimuudhi kuliko yote.