Tezi dume inapofura: Pimwa kwanza, dawa baadaye

Bwana mmoja, dereva wa lori, aliingia chumbani mwangu akitembea kwa shida na kuketi kwa upande mmoja. Alikuwa akitetemeka kwa homa, na alisema kwamba kila aendapo haja ndogo huhisi kama anachomwa moto. Wiki mbili awali alikuwa amenunua vidonge vichache katika duka la dawa. Alipopata nafuu aliviacha. Sasa maumivu yalikuwa yamerudi maradufu, na alihofu mkewe angedhani amezurura nje ya ndoa.

Bwana huyo alikuwa amefura tezi dume. Tezi hii, ambayo kila mwanamume anayo, ina ukubwa wa ndimu ndogo. Iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Ikifura huubana mrija huo, na mkojo hutoka kidogo kidogo au hukataa kabisa.

Mara nyingi ugonjwa unaoanza ghafla huletwa na bakteria ambao kwa kawaida huishi matumboni, kisha wakaingia katika njia ya mkojo. Kisonono na klamidia pia huweza kuuleta, hasa kwa vijana. Kwa hivyo, si kila anayeugua amezini, wala ugonjwa huu si saratani.

Dalili zake ni homa, maumivu ya kiuno na ya sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na uchungu wakati wa kumwaga manii.

Daktari atakuuliza maswali, kisha ataigusa tezi kwa kidole kilichovaa glavu kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi huona haya, lakini shughuli hii huchukua muda mfupi tu. Mkojo nao hupelekwa maabara kuoteshwa ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi itakayowaua. Ndiyo sababu nasisitiza: toa mkojo kabla ya kumeza dawa. Ukitangulia kumeza, huenda maabara isione kitu.

Ni dawa chache tu zinazopenya vyema ndani ya tezi hii. Kwa hiyo matibabu ya ugonjwa wa ghafla huchukua wiki mbili hadi nne, na ule uliokwisha kuwa sugu huhitaji wiki nne hadi sita, au zaidi. Vidonge vya siku tatu huweza kuwafanya bakteria walale tu, kisha waamke tena. Mwenye homa kali, anayetapika au aliyezibwa mkojo asingoje asubuhi. Aende hospitalini usiku huo huo.

Kuna pia maumivu ya nyonga yanayodumu miezi mitatu au zaidi bila bakteria wowote kuonekana. Hii ndiyo hali inayoonekana zaidi. Hapa kurudia antibiotiki hakufai. Dawa za kulegeza misuli ya mlango wa kibofu, za kutuliza maumivu, mazoezi ya misuli ya nyonga na kukalia maji ya vuguvugu huweza kusaidia.

Jambo la mwisho: tezi iliyofura huweza kupandisha kipimo cha damu cha PSA, kinachotumiwa kuchunguza saratani. Usife moyo kwa tokeo moja. Tibiwa kwanza, kisha pimwa tena baada ya wiki sita hadi nane.

Dereva wetu alimaliza dawa zake zote. Siku ya kurudi alikuja na mkewe, nami nikawaeleza wote wawili haya niliyokueleza wewe, msomaji.