Dakika Tano za Jumamosi

"Shikamoo mjomba. Gari limegoma."

Simu hiyo ilinikuta mbali na Dar es Salaam, mwezi wa tatu tangu niliache gari nyumbani chini ya turubai. Mpwa wangu nilimwachia kazi moja tu: kila Jumamosi aliwashe, aliache lingurume dakika tano, alizime. Hakukosa hata wiki moja. Hesabu niliyompa ndiyo ilikuwa mbovu.

Gari lililoegeshwa bado linakula. King'ora, saa, redio inayokumbuka stesheni zake, kompyuta inayosubiri rimoti, vyote huvuta umeme usiku na mchana. Chukulia ni miliampea 50. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa wiki zinapita 8. Dakika tano za kunguruma bila mwendo hurudisha labda 2. Kila Jumamosi, basi, tulibaki na deni la sita, na betri yenyewe ina 60 tu. Hapo sijataja joto. Betri hujipunguza yenyewe hata isipofungwa popote, na kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kasi hiyo hukaribia kuwa maradufu.

Kuisha chaji peke yake si msiba. Msiba ni kukaa hivyo. Ndani ya betri, tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859, kuna mabamba ya risasi yaliyozama kwenye asidi ya salfa. Inapotoa umeme, asidi hupungua nguvu na mabamba yote, ya chanya na ya hasi, huvaa chumvi nyeupe iitwayo salfeti ya risasi. Ukichaji mapema, chumvi hiyo huyeyuka ikarudi ilikotoka. Ukiiacha wiki kadhaa, chembe zake hushikana zikawa fuwele kubwa, ngumu. Ni kama chumvi iliyosahauliwa kwenye kopo jikoni kwetu pwani: ya jana inachoteka, ya mwezi uliopita inataka nyundo. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo haifanyi kazi tena, na chaja haina nyundo.

Kwa hiyo kipima volti cha bei ndogo kina faida kuliko ufunguo wa gari. Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Ikisoma 12.6 au zaidi, imeshiba. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, na hapo ndipo pa kuichaji, usingoje 12.0, maana imebaki robo.

Kama unasafiri muda mrefu, chukua spana namba 10 ufungue waya wa hasi. Anza na huo, kwa sababu bodi nzima ya gari imeungwa na hasi: spana ikiteleza ukiwa kwenye chanya ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hukuzitaka. Saa itapotea na redio huenda ikadai namba ya siri. Vumilia.

Penye umeme, chaja inayojirekebisha ni bora: hupanda hadi volti 14.4 hivi, kisha hushuka kwenye 13.5 na kukaa hapo. Ile ya kizamani isiyojua kuacha huchemsha maji yakawa haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja, kwa hiyo chajia penye hewa. Kwa betri zenye vifuniko, maji yakipungua ongeza yasiyo na madini, si ya bomba, wala si asidi. Na ile hofu ya kuweka betri kwenye sakafu ya saruji waachie wazee. Ilitokana na makasha ya zamani yaliyovujisha umeme, si haya ya plastiki.

Yangu haikupona. Fundi aliichaji usiku kucha ikasoma vizuri, lakini kupiga stata tu ikaporomoka, tukamuuzia mnunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Siku hizi nikisafiri, waya wa hasi unakuwa umefunguliwa na mpwa hawashi kitu. Jumapili hunitumia picha ya kipima volti. Ya mwisho ilisoma 12.58.